Mtepe wa mezani nao hushonwa: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa useremala hapa Tanga. Mwaka jana nilikwenda Lamu, nikaona mfano wa mtepe katika jumba la makumbusho, na tangu siku hiyo sina raha. Nataka kuunda wa kwangu, niuweke karakana wanafunzi wauone. Nimepata ramani moja, inaanza na mataruma, yaani mbavu za chombo, kisha mbao zinagundishwa juu yake. Niifuate? Nitumie skeli gani na mti gani? Nishone kweli, au nichore mshono kwa penseli tu? Na la mwisho: mitepe yenyewe haipo tena, nitajuaje kama nimepatia?"

Marahaba, mwalimu. Maswali yako ni mengi, lakini la mwisho ndilo lililoyabeba mengine yote, kwa hiyo utaniwia radhi nikianzia tezi, nyuma ya chombo, badala ya omo, mbele yake.

Mitepe, vile vyombo vya tanga ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari, ilitoweka baharini katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo ilikuwa ikitoka visiwa vya Lamu na pwani ya Wabajuni, imesheheni boriti za mikoko, ikashuka Mombasa na Unguja kujenga nyumba za watu. Hata meli za moshi zilipokwisha kuingia, mtepe uliendelea, maana kazi ya boriti haikuhitaji haraka wala bandari: chombo kinaingia mtoni, kinakaa juu ya tope, kinapakiwa. Ilipokoma, hakuna aliyevuta mmoja pwani akauwekea paa. Mbao zilioza, kamba zikaoza kabla ya mbao.

Kilichobaki ni vitu vichache. Kuna picha za zamani. Kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye lipu za magofu yetu, kama Gedi na Kilwa. Kuna makala ya James Hornell ya mwaka 1941 kuhusu mtepe na dau la visiwa vya Lamu. Huyu alikuwa bwana wa mambo ya uvuvi kule Madras, lakini jicho lake lilikuwa kwenye vyombo vya kienyeji dunia nzima. Kuna kazi za A. H. J. Prins, Mholanzi aliyeandika sana juu ya mabaharia wa Lamu. Na kuna mifano, huo ulioiba raha yako ukiwa mmoja wapo.

Sasa tazama jambo hili. Mtu anayeunda mfano wa Vasa, ile meli ya kivita ya Sweden iliyozama mwaka 1628 na kuibuliwa 1961, akikosea anaumbuka mchana kweupe. Meli yenyewe imesimama pale Stockholm, na pembeni yake umewekwa mfano wa skeli 1:10, yaani sehemu moja ya kumi ya meli, kwa hiyo yeyote anaweza kugeuza shingo akalinganisha. Wewe na mimi hatuna pa kugeuzia shingo. Mfano wa mtepe unavaa viatu vya mtepe wenyewe. Watafiti wamepima mifano ili wajue chombo kilikuwaje, na kosa la fundi aliyekufa zamani likaingia kwenye ramani, na ramani ikazaa mifano mingine. Siku moja mtu atakuja karakana kwako Tanga, atatoa futi ya kamba na kupima kazi yako kana kwamba ni ushahidi. Hapo ndipo majibu yangu yote yanapotoka.

Kwa hiyo ramani yako: iweke kando. Si kwamba umbo lake lazima liwe baya; mpangilio wake wa kazi ndio uliopinduliwa. Kuanza na mataruma na kuvika mbao juu yake ni desturi ya mafundi wa Ulaya wa karne za karibuni, na ndiyo desturi ya masanduku ya mifano yanayouzwa yakiwa na vipande tayari. Mtepe huanza na mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo, kisha ubao wa kwanza unashonwa kwenye mkuku, wa pili kwenye wa kwanza, na kupanda hivyo hadi juu. Mataruma huingia baadaye, yakafungwa kwa kamba kuufuata ubavu uliokwisha kujipinda wenyewe. Kwenye chombo cha misumari mbao zinayatii mataruma. Hapa mataruma ndiyo yanayozitii mbao. Ukigeuza mpangilio huo utapata kitu chenye sura ya mtepe, lakini kila ubao utakuwa umelala pasipo pake, na mtu anayejua ataona.

Nayasema haya kwa uchungu, maana mfano wangu wa kwanza niliuunda kama ramani yako inavyotaka. Mataruma ya plaiwudi, mbao za gundi, mshono wa penseli, vanishi ikang'aa kama kabati la bibi harusi. Nikaupeleka Lamu kumwonyesha mzee mmoja ambaye baba yake alishona mitepe. Mzee hakutazama omo wala macho niliyoyapaka hapo omoni kwa siku tatu. Aliugeuza kichwa chini, akabonyeza ubavu kwa kidole gumba, mara moja, mara mbili. Akasema, "Hiki kigumu." Nami nikadhani nasifiwa! Nilikuwa nimeshafika Mokowe kwenye basi ndipo maneno yake yaliponiingia.

Mtepe haukuwa mgumu. Mwili wake ulinyumbulika. Ukipandishwa mchangani au ukigongwa na wimbi penye mwamba, ulijipinda kidogo kisha ukarudi, kwa sababu kati ya ubao na ubao kulikuwa na kamba ya makumbi, si chuma. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alilitaja jambo hili alipokuwa akieleza kamba za nazi za Maldivi: vyombo vya India na Yemen hushonwa, akasema, maana bahari ile ina miamba mingi, na chombo cha misumari ya chuma kikigonga mwamba huvunjika, ilhali cha kushonwa kina namna ya kulegea kisivunjike. Miaka mingi kabla yake, msafiri Mgiriki wa karne ya kwanza alikuwa amekwisha kuandika kuwa bandari ya Rhapta katika pwani yetu ilipata jina lake kutokana na mashua za kushonwa. Nao Wareno walipofika Msumbiji na Vasco da Gama mwaka 1498, waliandika kuwa vyombo vya huko ni vikubwa, havina misumari, mbao zimeshikwa kwa kamba na tanga ni la mkeka. Umri wake ni mkubwa hivyo. Bei ya kulegea huko ilikuwa maji: mtepe ulivuja, na kuteka maji ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ilikuwa kazi ya kila siku ya mabaharia.

Basi swali lako la kushona au kuchora limekwisha kujijibu. Shona. Lakini usikurupuke, kwa sababu hesabu yake inatisha, na afadhali uione mapema kabla hujakata mbao.

Chukua mtepe wa meta 18. Kwa skeli 1:50 utakuwa na urefu wa sentimeta 36, mzuri kwa rafu, lakini kamba ya milimeta 6 inakuwa milimeta 0.12, na hapo kushona ni kujitafutia miwani mipya. Kwa 1:10 unapata meta 1.8, unashona kwa raha, kisha mlango wa karakana unakukatalia. Mimi nimetulia kwenye 1:20. Mtepe unakuwa sentimeta 90. Ubao wa sentimeta 4 unakuwa milimeta 2. Baharia wa sentimeta 170 anakuwa na kimo cha sentimeta 8 na nusu, na huyo ni rafiki mkubwa: mchonge mmoja kwa kijiti, msimamishe ndani kila mara, utajua upesi kama umeinua ubavu kupita kiasi. Kamba ile ya milimeta 6 inakuwa 0.3.

Sasa matundu. Mfano wangu una mishono kumi kila ubavu, jumla 20, na kila mshono una wastani wa sentimeta 75 baada ya kuondoa shingo ya mbele. Kila mshono una safu mbili za matundu, moja ubao wa chini na moja ubao wa juu. Kwa nafasi ya milimeta 3.2 kati ya tundu na tundu, jumla inapita matundu 9,000. Ukitumia nusu dakika kwa kila tundu, hizo ni saa 78 za kutoboa peke yake, hujaingiza uzi. Wanafunzi wako ni wangapi? Wagawie.

Hiyo 3.2 haikutoka hewani. Chukua wembe wa msumeno wa chuma, ule wa meno 24 kwa inchi. Saga meno kwa tupa, ukiacha jino moja na kuondoa mawili, uache moja uondoe mawili, mpaka mwisho. Meno yaliyobaki yatakuwa yameachana milimeta 3.2 kasoro kidogo. Ulaze wembe kwenye ubao, ugonge mgongo wake taratibu kwa nyundo ya mbao, nawe una safu ya vidoa iliyonyooka kuliko mkono wowote unavyoweza kupima. Kwenye chombo halisi hizo ni sentimeta sita na kitu, zinatosha kabisa. Weka safu milimeta moja na nusu kutoka ukingoni. Ukisogea zaidi ukingoni ubao utapasuka, na utapasuka siku ya mwisho, si ya kwanza.

Kwa kutoboa, usinunue kitu. Sindano ya cherehani namba 70 ina unene wa milimeta 0.7. Ikate jicho, ncha uisage bapa pande mbili kwenye jiwe la kunolea mpaka iwe kama kipatasi kidogo, uifunge kwenye keekee ya mkono kama ya masonara. Inatoboa safi kuliko keekee ya umeme, ambayo kwenye ubao mwembamba inachoma na kuchana. Na toboa ubao ukiwa bado mpana, ukingo uurande baadaye. Hili nimelilipia kwa mbao saba.

Mti. Najua karakana ya Tanga haikosi mvule na msaji, na mkono wako utaelekea huko wenyewe. Uzuie. Vinyweleo vya mvule ni vikubwa. Kwenye skeli 1:20 kila kinyweleo kinaonekana kama ufa wa kuingiza kidole. Msaji una mafuta, gundi haiushiki vizuri, na pale utakapohitaji gundi kidogo utajuta. Tafuta mti wenye chembe ndogo na mgumu wa kadiri: mpera, mlimau, mchungwa. Wenzetu wa Ulaya hutumia mpeasi kwa sababu hiyohiyo. Mpera wa uani uliokatwa kwa sababu umezeeka ni mali. Upasue mbao nene, uache kivulini miezi kadhaa ukali wa jua usiuguse, ndipo uupasue tena hadi milimeta 2. Kupinda, tumbukiza ubao kwenye maji ya moto dakika chache, kisha uburute polepole juu ya bomba la chuma lililopashwa kwa mshumaa ndani. Sikiliza: ukisikia kama karatasi inachanika, umeharakisha.

Kabla ya yote hayo, shona kipande cha kujifunzia. Mbao mbili tu, za sentimeta 30, kwa skeli kubwa ya 1:5, na kamba ya kweli ya makumbi. Laza ukanda wa nyuzi za makumbi juu ya mshono kwa ndani, pitisha uzi tundu kwa tundu ukiufunga ukanda huo, vuta, kaza, kisha gonga kijiti chembamba kwenye tundu kiubane uzi usirudi. Katikati ya unene wa mbao tia vijiti vya kuzishika zisiteleze moja juu ya nyingine, kama mafundi walivyotia. Mtu mmoja avute, mwingine agonge kijiti kabla uzi haujalegea. Utagundua kwamba kushona mtepe ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, na kwamba lazima wawe wanapatana. Jambo hili halimo kwenye ramani yoyote. Na kipande hicho usikitupe: kikiwekwa kando ya mtepe wako, mwanafunzi atakishika, atakibonyeza kwa gumba, na hutahitaji kumweleza habari ya mzee wa Lamu.

Elimu ya mkono hufa hivihivi tukiangalia. Msafiri Mwingereza Tim Severin alipounda Sohar, chombo cha kushonwa, huko Sur, Oman, akaisafirisha kutoka Muscat hadi Guangzhou, China, kati ya mwisho wa 1980 na katikati ya 1981, mabingwa wa kushona ilibidi watolewe visiwa vya Lakshadweep vya India. Chombo kikafika China. Miaka kama 30 baadaye Waomani waliunda Jewel of Muscat, kwa kufuata masalia ya merikebu ya karne ya 9 iliyopatikana karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, nao wakaisafirisha mpaka Singapore mwaka 2010. Mti mmoja uliotumika ni wa Afrika, ndugu wa damu wa mbambakofi wetu. Unguja nako, miaka ya mwanzo ya 2000, mtepe mzima wa kiasi cha kweli ulishonwa ndani ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ukapewa jina Shungwaya. Nilipouona nilikaa chini yake nikitazama tumbo lake muda mrefu kuliko mlinzi alivyopenda. Jengo lenyewe sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwa hiyo tafuta picha zilizopigwa kabla ya hapo, hasa za ndani ya chombo. Picha za omo kila mtu anazo.

Sasa uzi, na hapa kuna jambo lililonifurahisha nilipolitambua. Unyuzi mmoja wa kumbi la nazi, ule mmoja tu, unene wake ni milimeta 0.2 hadi 0.3 hivi. Yaani kwa skeli yetu, unyuzi mmoja wa makumbi ndio kamba ya makumbi! Nikadhani nimeshinda. Nikafua usumba, nikauchambua, nikaanza kushona. Unyuzi wa kumbi ni mfupi, mrefu kabisa ni kama shubiri moja na nusu, na ukikauka ukaukunja kona kali unakatika. Kwa mshono mmoja wa sentimeta 75 nilifunga mafundo yasiyohesabika. Ukiloweka usiku kucha na kushona ukiwa mbichi unavumilia, ila mikono yako itakuwa ndani ya bakuli la maji mchana kutwa.

Wewe uko Tanga. Unajua ninakoelekea. Unyuzi wa katani una unene wa kadiri hiyohiyo na urefu wa karibu meta nzima, na mjini kwako unapatikana bure kama mchanga. Unashonwa vizuri ukiwa umelowa, haukatiki, na ukipitishwa kwenye nta ya nyuki unatulia bila vinyweleo. Ubaya wake ni mweupe mno, lakini chai ya rangi iliyokolea inaukaribisha kwenye rangi ya makumbi. Ubaya mkubwa zaidi si wa rangi. Katani haikuwa ya mtepe. Ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa hai, na wakati huo mitepe ilikuwa imeshashonwa kwa makumbi kwa karne nyingi. Nimegombana na rafiki yangu mmoja kuhusu hili mpaka chai ikapoa. Yeye anasema uzi wa kigeni ni uongo. Mimi nasema uongo ni kunyamaza. Ushauri wangu: mishono miwili ya juu kabisa, ile ambayo jicho linatua kwanza, ishone kwa makumbi ujue uchungu wake, iliyobaki shona kwa katani. Na useme, nitakueleza wapi.

Huwezi kushona ukiwa umejaza tumbo la chombo kalibu la mbao, sindano itapita wapi? Tengeneza kalibu la nje: vipande sita au saba vya plaiwudi vilivyokatwa tundu la umbo la chombo, vimesimamishwa juu ya ubao mmoja mnene kama mbavu za ng'ombe zilizopinduliwa. Mkuku unakaa chini, mbao zinapanda ndani yake, mkono wako uko huru ndani, na vidole vya mwenzako vinapita kati ya kipande na kipande nje. Ukimaliza mshono wa tano, kitoe chombo nje ukitazame kwa mbali, kisha ukirudishe. Kitakuwa kimejikunja kidogo upande mmoja. Usiogope, na usijaribu kukinyoosha mpaka mataruma yaingie.

Omo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mtepe una shingo ndefu iliyotokeza mbele, na huko Lamu utaambiwa ni shingo ya ngamia wa Mtume. Habari hiyo ni nzuri na mimi huisimulia, lakini patasi isiisikie. Fundi aliyeisikia huifanya shingo iinuke, kisha kichwa kitokee, kisha pua, na mwisho wa yote ana ngamia kweli. Chagua picha moja ya zamani, iliyopigwa ubavuni, uipime, ukae na hiyo moja. Usichukue shingo ya picha hii na tezi ya picha ile. Na ujue tofauti ya mtepe na dau la mtepe: nalo lilishonwa, lakini halina shingo ile. Mifano mingine iliyoandikwa mtepe ni dau, na kinyume chake.

Macho ya omo yapake, pande zote mbili. Ukitaka kuona ukoo wake, nenda ukatazame majahazi ya Lamu yaliyopo leo. Bado yana macho kwenye omo, kile kibao cha duara chenye nyota na mwezi. Rangi iwe kidogo, kichwani tu. Mwili wote uache rangi ya mti na mafuta.

Kuhusu mafuta: watu wa zamani walipaka sifa ya papa, na kwa ajili ya ukweli nami nilipaka sifa ya papa. Mke wangu hakusema neno siku ya kwanza. Siku ya tatu mtepe ulikuwa kibarazani, na paka wa mtaa mzima walikuwa wamekaa kuuzunguka kama wako msibani. Paka mafuta ya kitani, safu moja nyembamba, ufute kwa kitambaa. Vanishi usiiguse.

Tanga ni la mraba, si la pembetatu kama la jahazi, na ni la miyaa. Miyaa ya upana wa sentimeta moja inapaswa kuwa nusu milimeta kwako. Shangazi yangu, ambaye mikeka yake ilikwenda kwenye harusi za watu wenye nazo, alichana miyaa hadi akafika milimeta moja akaniambia hapo ndipo mwisho wa macho yake. Tulipolitundika likaonekana kama jamvi lililoanikwa kwenye mlingoti. Tangu hapo nalikunja. Tanga la milimeta moja, likizungushwa kwenye foromali, ule mti unaoshika tanga, na kufungwa kwa kamba, linapendeza na halisemi uongo mwingi, na mtepe uliokuwa ukipakia boriti kwenye tope haukuwa na haja ya kutandaza tanga. Boriti unaweza kuzitengeneza kwa vijiti vya mkoko vyenyewe. Zipange zisizidi kimo cha yule baharia wako wa kijiti kiunoni.

Jambo moja la hali ya hewa. Mfano wangu wa tatu ulinunuliwa na mtu akaupeleka Nairobi. Ulikuwa umezaliwa Mombasa, kwenye unyevu wa pwani. Baada ya kiangazi kimoja cha bara mishono ikafunguka, unaona mwanga. Alinipigia simu akiwa na hasira, akataka nije na gundi. Nikamwambia aweke bakuli la maji ndani ya kabati la kioo, angoje. Baada ya wiki mbili mbao zilivimba zikarudi zilipokuwa. Ingekuwa imegundishwa, zingepasuka. Wako utabaki Tanga, kwa hiyo umesalimika, ila kabati lisipigwe na jua la dirishani.

Ukimaliza, ugeuze. Chini ya mkuku, au kwenye kibao cha kusimamia, andika kwa wino usiofutika: skeli, picha uliyoifuata ilikotoka, vitu ulivyoviona kwenye ushahidi, vitu ulivyovikisia mwenyewe. Wangu una mistari mitano. Wa mwisho unasema: "Mti ni mpera. Nafasi ya matundu ni ya wembe wa msumeno. Uzi ni wa katani isipokuwa mishono miwili ya juu."